Jinsi ya kupendekeza albamu huru kwa filamu na matangazo

Mwongozaji anapokuandikia "nitafutie muziki wa hapa kwetu, wenye hisia", bado hajakuambia kitu. Nawe ukimjibu kwa viungo kumi vya nyimbo unazozipenda, hujamsaidia. Atafungua kimoja, atasikiliza sekunde ishirini, simu italia, na baadaye utasikia kazi imetoka na muziki wa maktaba za mtandaoni, ule ule uliokwisha kusikika kwenye tangazo la sabuni, la benki na la kampeni ya chanjo. Mwanamuziki amekosa malipo na filamu imekosa sauti yake. Inaniuma kila inapotokea, kwa sababu mara nyingi muziki ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuupendekeza sawasawa.

Pendekezo lililokamilika lina mambo matatu: albamu, dakika na sekunde za kutumia, na jina la mtu wa kutia saini. La tatu likikosekana, ulichotuma ni ushabiki tu, hata kama una sikio zuri kuliko wote mjini.

Ninaposema albamu huru nakusudia ile iliyotolewa na msanii mwenyewe au na lebo ndogo isiyo chini ya kampuni kubwa za muziki za Universal, Sony wala Warner. Si lazima muziki huo uwe bora kuliko mwingine. Faida yake ni kwamba mwenye mali anafikika. Unaandika barua pepe, anajibu mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo, na kwa kazi ambayo tangazo lake linarushwa Ijumaa, hilo lina thamani kubwa.

Hatua ya kwanza: omba kuona picha

Kabla hujafungua albamu yoyote, omba kuona picha zenyewe. Hata kama ni hariri ya awali yenye mapengo, hata kama ni michoro ya penseli. Kisha uliza: itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, kuna msimulizi au hakuna, na ni bidhaa au hadithi ya namna gani. Majibu hayo ndiyo yatakayopunguza orodha yako. Tangazo la sekunde 15 halina nafasi ya wimbo unaojijenga polepole. La sekunde 60 linaweza kusubiri. Filamu ya makala ya dakika 80 haitafuti wimbo mmoja; inatafuta familia ya sauti zinazofanana, na hapo ndipo albamu nzima inapouzidi wimbo mmoja uliovuma.

Waulize pia wamehariri juu ya muziki gani. Wahariri wengi huweka muziki wa muda ili wapate mwendo wa kukata, na mwongozaji akiusikia kwa wiki kadhaa mfululizo huanza kuamini kwamba hakuna mwingine unaofaa. Ukishaujua, usitafute unaofanana nao. Tafuta unaofanya kazi ile ile. Pengine wanachokipenda ni utulivu wa sekunde tano za mwanzo, au namna ngoma inavyoingia pale mlango unapofunguliwa. Wimbo wa kuiga ni hatari pia kisheria, maana mwenye wimbo wa awali anaweza kudai kwamba tangazo limechukua kazi yake kwa mlango wa nyuma.

Na wewe usitume wimbo usioweza kupatiwa leseni eti kwa ajili ya "kuonyesha mwelekeo". Watauzoea, kisha utalazimika kuwanyang'anya.

Hatua ya pili: sikiliza kama mhariri

Sikiliza albamu yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ukiwa na kalamu. Nyimbo zinazofaa picha mara nyingi si zile zilizopigwa redioni. Ni kipande cha ala cha dakika moja na nusu kati ya wimbo wa nne na wa tano, ni utangulizi wa udi kabla mwimbaji hajaanza, ni sekunde arobaini za mwisho ambapo ngoma imenyamaza na kinanda kimebaki peke yake. Andika muda wa kila kimoja.

Vitu ninavyovitafuta ni vichache. Je, wimbo unaanza safi, au unaingia na kelele za prodyuza kutaja jina la studio? Je, una mahali pa kukatia bila masikio kushtuka? Je, kuna badiliko la wazi ambalo mhariri anaweza kulilaza juu ya badiliko la picha? Je, unamalizika, au unafifia tu? Tangazo linahitaji mwisho, kwa sababu mwishoni ndipo nembo inapotokea.

Kisha jaribu na sauti ya mtu. Chukua simu, rekodi mtu akisoma taarifa ya habari kwa dakika moja, icheze juu ya muziki unaoupima. Konsonanti zinazotufanya tuelewe neno hukaa zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000, na vyombo kama fidla, kanuni ya taarabu na gitaa la solo hukaa hapo hapo. Muziki unaweza kuwa mtamu sana ukausikiliza peke yake, lakini ukiwekwa chini ya msimulizi ukamfanya asieleweke. Besi, marimba ya chini, ngoma laini na vinanda vya taratibu humwachia nafasi.

Maneno ya wimbo yanahitaji uangalifu wa pekee kwetu. Mwongozaji kutoka Ulaya anaweza kuusikia wimbo wa taarabu kama mahaba ya pwani, kumbe ni mipasho, mtu anamsimanga mke mwenza. Ukiuweka kwenye tangazo la mkopo wa harusi, nchi nzima itacheka isipokuwa aliyelipa. Kwa hiyo unapopendekeza wimbo wenye maneno, andika kwa ufupi unasema nini, na useme wazi kama kuna matusi, fumbo la mapenzi, siasa au dini. Kaswida na nyimbo za ibada siziweki kwenye orodha ya biashara kabisa. Hata mwenye haki akikubali, wasikilizaji wake hawajakubali.

Hatua ya tatu: uwe na akiba yako ya albamu

Huwezi kuanza kutafuta siku unapoombwa. Tengeneza akiba, uipange kwa kazi ambayo muziki unaweza kufanya badala ya mtindo wa muziki. Nitataja chache nilizonazo kwenye akiba yangu, na kwa nini.

"En Mana Kuoyo" ya Ayub Ogada, iliyotolewa mwaka 1993 na lebo ya Real World ya Uingereza. Sauti moja, nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo), na vyombo vichache pembeni. Wimbo wake "Kothbiro" ulitumika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, miaka 12 baada ya albamu kutoka. Usikilize tena ukijiuliza kwa nini uliwafaa. Nyuzi zinarudia mzunguko mfupi ule ule, sauti inaingia bila haraka, na kati ya mstari na mstari kuna nafasi ya picha kusema yake. Ogada alifariki mwaka 2019, kwa hiyo leo mazungumzo ni ya lebo, wachapishaji na warithi wake. Huo nao ni ukumbusho wa kuuliza mapema nani anamwakilisha nani.

"Peel" ya KMRU wa Nairobi, ya mwaka 2020, kupitia Editions Mego ya Vienna. Hakuna mdundo wala maneno. Ni sauti za mazingira na mawimbi marefu ya sauti yanayobadilika polepole, na wimbo unaobeba jina la albamu unapita dakika 20. Nikipewa makala kuhusu ziwa linalokauka, au mahojiano marefu na mtu anayekumbuka jambo zito, naanzia hapa. Mhariri anaweza kukata popote na hakuna atakayejua. Haifai tangazo la soda, na usilazimishe.

"Bongo Hotheads" ya Jagwa Music, mwaka 2012, Crammed Discs ya Brussels. Mchiriku wa Dar es Salaam wenye kinanda kidogo kinachokwaruza na ngoma zinazokimbizana. Ni muziki wa soko, wa bodaboda, wa mtu anayekimbia akijua anakokwenda. Una maneno mengi, kwa hiyo angalia vipande vya ala.

"Sounds of Sisso", mkusanyiko wa singeli uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Singeli hukimbia midundo 200 kwa dakika na kupanda. Kwa tangazo la viatu vya michezo au la simu, sekunde 15 za singeli hubeba nguvu ambayo muziki wa maktaba hauna. Lakini mtindo huu kwa jumla umezoea kuchukua vipande vya nyimbo za wengine na kuviharakisha, kwa hiyo hapa swali la sampuli, nitakalolieleza chini, huulizwa kwa kila wimbo, mmoja mmoja.

"Siti of Unguja" ya Siti Muharam, mwaka 2020, On The Corner ya London. Mwimbaji ni kitukuu cha Siti binti Saad, gwiji wa taarabu, na albamu inazirudia nyimbo za bibi huyo kwa udi, besi na sauti za kisasa. Kwa filamu ya kihistoria inayotaka Zanzibar isiyo ya kadi ya posta, sijui nyingine ninayoipenda zaidi. Na kwa ala tupu, "Bashraf" ya Culture Musical Club, kwa sababu bashraf ni vipande vya kufungulia onyesho la taarabu, visivyo na mwimbaji wa kushindana na msimulizi.

Ongeza zako. Tafuta kwenye tovuti ya Bandcamp, kwenye kurasa za lebo ndogo, kwenye maonyesho ya moja kwa moja. Jambo moja tu: kununua albamu Bandcamp kunakupa haki ya kuisikiliza. Hakukupi haki ya kuiweka kwenye picha.

Hatua ya nne: tafuta wenye haki

Hapa ndipo wengi hukimbia, na hapa ndipo mpendekezaji anapostahili ujira wake.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani sauti na maneno kama vilivyotungwa, na kuna haki ya rekodi, yaani ile masta iliyotoka studio. Ili muziki ulazwe juu ya picha unahitaji ruhusa zote mbili. Kwenye albamu huru, mara nyingi zote ziko kwa mtu mmoja, na saini moja inatosha. Ndiyo maana naipenda. Ila usidhani, uliza.

Kwenye jalada au ukurasa wa albamu tafuta herufi P ndani ya duara ikifuatwa na mwaka na jina. Hilo ndilo jina la mwenye rekodi. Herufi C ndani ya duara, iliyo jirani yake, kwa kawaida inahusu jalada na maandishi, na wengi huichukua kimakosa kuwa ndiyo haki ya wimbo. Kwa utunzi, soma majina ya watunzi, kisha uliza maswali yafuatayo kwa maandishi:

Nani alitunga maneno, na nani alitunga sauti? Kwenye taarabu mara nyingi ni watu wawili tofauti: mshairi na mwanamuziki. Kikundi kinaweza kuwa na rekodi na kisiwe na shairi.

Nani alitengeneza biti, na mlikubaliana nini? Kwenye muziki wa kizazi kipya prodyuza ni mtunzi mwenza hata kama alilipwa taslimu na hakuna karatasi iliyoandikwa. Mtafute kabla tangazo halijatoka, kwa sababu likitoka atakutafuta yeye, na bei itakuwa nyingine.

Kuna sampuli? Kipande cha sekunde mbili kutoka wimbo wa dansi wa zamani kinaleta wenye haki wengine wawili mezani. Msanii akisema "ni kidogo tu, hakuna atakayetambua", utoe wimbo huo kwenye orodha.

Ni wimbo wa kurudia? Basi aliyerudia ana rekodi yake tu, na utunzi ni wa mwingine.

Hapo umri wa haki nao unaingia. Tanzania na Kenya zinalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Kwa kazi aliyoitunga peke yake, ulinzi wa miaka 50 uliisha mwishoni mwa 2000, lakini kwa hesabu ya miaka 70 ni mwishoni mwa 2020. Na nyimbo nyingi za zama zake zilikuwa na washairi wengine walioishi zaidi yake. Kwa hiyo neno "ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe" lisikutoshe. Na hata utunzi ukiwa huru, rekodi mpya na mpangilio mpya wa vyombo vina wenyewe.

Wakala wa matangazo anaweza kukwambia kwamba wameshalipia chama cha kukusanya mirabaha, basi yameisha. Hayajaisha. Malipo ya aina hiyo ni ya kuupiga muziki hadharani au kuurusha redioni na kwenye televisheni. Ruhusa ya kuuoanisha na picha hujadiliwa na mwenye haki mwenyewe au mwakilishi wake. Vyama hivyo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, vitakusaidia kwa jambo lingine muhimu: kuthibitisha nani amesajiliwa kama mtunzi. Kwa Zanzibar nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huko, maana Visiwani wana sheria yao. Kenya, bodi ya hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayovipa leseni vyama vya kukusanya mirabaha, na orodha hiyo hubadilika, kwa hiyo angalia ya mwaka huu.

Neno kuhusu leseni za Creative Commons, ambazo msanii huruhusu kila mtu atumie kazi yake kwa masharti fulani, kwa sababu watu huziona "bure" na kukimbilia. Yenye alama NC (marufuku kwa biashara) haifai tangazo. Yenye ND (marufuku kubadilisha) haifai filamu yoyote, kwa sababu leseni hizo huhesabu kuoanisha muziki na picha kuwa ni kuibadilisha kazi. Yenye SA inaitaka filamu yako nayo itolewe kwa leseni hiyo hiyo, jambo ambalo mteja hatalikubali. Inayobaki ni BY, inayodai jina la mtunzi litajwe, na ukitaja usimfiche.

Hatua ya tano: hakikisha faili zipo

Fupi, lakini hukwamisha. Uliza kama msanii ana faili ya WAV, yaani sauti kamili isiyobanwa, siyo MP3 iliyotumwa WhatsApp. Kazi za picha kwa kawaida huenda kwa kilohezi 48, biti 24. Uliza kama kuna toleo la ala tupu na faili za kila chombo peke yake. Wimbo wenye toleo la ala una nafasi mara mbili ya kuchaguliwa, kwa uzoefu wangu, kwa kuwa mhariri anaweza kuzima sauti ya mwimbaji pale mhusika anapoongea. Kama hazipo, na studio bado ina mradi, mwombe msanii azitoe sasa, kabla kompyuta ile haijauzwa.

Hatua ya sita: andika pendekezo

Albamu tatu, zisizidi nne. Kwa kila moja mistari michache. Hivi, kwa mfano:

"Albamu ya gitaa na marimba, msanii wa Arusha, kaitoa mwenyewe. Wimbo wa 3, kuanzia 0:42 hadi 1:15: gitaa peke yake, marimba inaingia 0:58, nadhani ndipo mama anapofungua barua. Hauna maneno. Wimbo wa 7 una sauti ile ile kwa mwendo wa haraka, unafaa sokoni. Mtunzi na mwenye rekodi ni mtu mmoja, hakuna sampuli, amethibitisha kwa barua pepe. WAV na ala tupu zipo. Hataki kutumika kwenye pombe wala kamari."

Sentensi hiyo ya mwisho niiombee nafasi kwenye kila pendekezo. Wasanii wetu wana majina mtaani na kwenye nyumba za ibada, na kampuni za kubeti ni wateja wakubwa wa matangazo. Muulize msanii mapema ni bidhaa gani hataki kuhusishwa nazo, pamoja na vyama vya siasa, na umwandikie mteja. Utaokoa muda wa wote, na msanii atakuamini tena.

Usiandike "wimbo mzuri sana". Andika unafanya nini kwenye picha.

Hatua ya saba: bei, mkataba na yanayofuata

Bei hupangwa na vitu vinne: utatumika wapi duniani, kwa muda gani, kwenye vyombo gani, na kama wengine wanazuiwa kuutumia. Tangazo la mwezi mmoja mtandaoni Tanzania tu, na tangazo la miaka miwili kwenye televisheni za Afrika nzima, haviwezi kuwa na bei moja. Msanii asikubali "kila mahali, milele" kwa sababu tu ameona pesa kwa pamoja. Kwa filamu ndogo isiyo na bajeti kuna njia ya haki: leseni ya matamasha kwa mwaka mmoja au miwili kwa bei ndogo, huku mkataba ukitaja tangu sasa kiasi kitakacholipwa filamu ikiuzwa kwa televisheni au huduma ya mtandaoni.

Kama utunzi na rekodi vina wenyewe tofauti, desturi ni kuwalipa sawa, na kuweka kifungu kwamba mmoja akiongezewa, mwenzake anaongezewa pia. Kitamke tangu mwanzo. Matoleo mafupi ya tangazo nayo yatajwe, maana tangazo la sekunde 60 huzaa la 30 na la 15.

Kabla ya kurusha, muulize msanii kama msambazaji wake amewasha Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua muziki wenye mwenyewe. Kama amewasha, video ya mteja itadaiwa na mfumo wenyewe siku ya kwanza, na wewe ndiye utakayepigiwa simu usiku. Msanii anaweza kumwomba msambazaji aiachie chaneli hiyo. Pata anwani ya chaneli ya mteja mapema umtumie.

Mwisho, mwambie mtayarishaji ajaze orodha ya muziki uliotumika: jina la wimbo, watunzi na mgawanyo wao, mwenye rekodi, namba ya ISRC inayoitambulisha rekodi, yenye jumla ya herufi na tarakimu 12, umetumika kwa sekunde ngapi, na kama ulisikika chinichini au uliimbwa ndani ya picha. Orodha hiyo iende kwa kituo kitakachorusha na kwa chama cha mtunzi, na nakala moja umpe msanii mkononi. Filamu ikirudiwa kwenye televisheni miaka mitano ijayo, ndiyo karatasi atakayoitumia kudai mirabaha yake.